Anayeng'olewa Jino Akaguliwe Kinywa Kizima

Daktari wa kinywa na meno ana bahati ambayo madaktari wengi wanaosaka saratani hawana. Ini halionekani kwa macho, wala kongosho. Ulimi uko mbele yake, chini ya taa. Ndiyo maana rai ya kwamba kila anayekalia kiti chake akaguliwe saratani ya kinywa inasikika kama jambo lisilohitaji mjadala. Linahitaji, kwa sababu kutazama ndiyo sehemu nyepesi ya kazi. Uzito uko kwingine: kumpata mwenye hatari zaidi, na kumfikisha kwenye tiba akikutwa na dalili.

Ukaguzi wenyewe huchukua dakika chache. Daktari hutazama midomo, mashavu kwa ndani, ufizi na kaakaa. Huushika ulimi kwa kitambaa safi, akauvuta huku na huku ili aone kingo zake na sakafu ya kinywa, kisha hupapasa shingo kutafuta tezi zilizovimba. Anachosaka ni kidonda kisichopona kwa zaidi ya wiki mbili, uvimbe mgumu, baka jeupe lisilofutika, na hasa baka jekundu, ambalo ni nadra zaidi lakini la kuogopwa zaidi. Hakuna mashine inayohitajika hapo. Kwa mwaka 2022, ilikadiriwa kwamba watu karibu 390,000 duniani waligundulika na saratani ya midomo na kinywa, na wapatao 188,000 wakafa kwayo. Ikikutwa changa, upasuaji mdogo huweza kutosha; ikichelewa, mgonjwa hupoteza sehemu ya ulimi au taya, na mara nyingi maisha.

Je, kukagua kunaokoa? Jaribio kubwa kuliko yote lilianza mwaka 1996 katika jimbo la Kerala, India. Walioingia nyumba kwa nyumba hawakuwa madaktari, bali wahudumu waliofundishwa kutambua dalili. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2005 yalionyesha kuwa miongoni mwa watumiaji wa tumbaku au pombe, vifo vya saratani ya kinywa vilipungua kwa asilimia 34. Kwa wasiotumia, hakukuwa na faida iliyothibitika. Taiwan nayo ilianza ukaguzi mwaka 2004, ikiwalenga wavutaji wa sigara na watafunaji wa popoo, na huko pia vifo vilipungua.

Cuba ilichukua njia nyingine. Kuanzia miaka ya 1980 iliwapa madaktari wa meno wajibu wa kukagua vinywa vya watu wote kuanzia umri wa miaka 15. Vinywa vilivyotazamwa vilifika mamilioni, na saratani zilizokutwa katika hatua ya kwanza ziliongezeka. Lakini kati ya waliopewa rufaa, waliokwenda kwa bingwa hawakufika hata theluthi moja, na vifo havikushuka kama ilivyotarajiwa. Cuba haikukosa macho ya kuona. Wagonjwa walipotea njiani.

Mafunzo hayo mawili yanatuhusu sana Afrika Mashariki. Kwetu, wengi hawaendi kwa daktari wa meno kwa uchunguzi wa kila mwaka. Huenda jino likishawanyima usingizi, likang'olewa, wakarudi nyumbani. Kwa hiyo kuandika mwongozo wa ukaguzi katika "uchunguzi wa kawaida" ni kuwaandikia wachache wa mijini wenye bima. Kwa wengine wote, siku ya kung'oa jino ndiyo siku pekee ambayo mtaalamu anatazama kinywa chao. Hapo ndipo ukaguzi uwekwe. Tena kuna sababu ya ziada: saratani ya ufizi huweza kulegeza jino, na pengo lisilopona baada ya kung'olewa ni dalili inayojulikana vyema. Anayetazama jino moja tu anaweza kung'oa dalili na kuacha ugonjwa.

Mgonjwa aulizwe pia anatumia nini. Sigara na pombe ni hatari, na zikikutana hatari huzidi. Ugoro usiovutwa kwa moto hauko nje ya hesabu hiyo. Pwani, kuna wanaoamini kwamba tambuu isiyotiwa tumbaku haina neno. Mwaka 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilichapisha hitimisho kwamba popoo, ambayo ni sehemu ya tambuu, husababisha saratani hata peke yake.

Wapo wanaopinga, na hoja zao si za kupuuzwa. Mwaka 2013, jopo la Marekani linaloshauri kuhusu huduma za kinga lilisema ushahidi hautoshi kupendekeza au kukataa ukaguzi wa watu wazima wote wasio na dalili. Mabaka mengi ya kinywani si saratani, na kumtia mtu hofu bure kuna gharama yake. Aidha, saratani nyingi za kooni zinazoletwa na virusi vya HPV hujificha nyuma ya ulimi, mahali taa ya daktari wa meno haifiki vizuri. Hoja hizo zinabomoa wazo la kuwasaka watu wote. Hazibomoi wazo la kumtazama vizuri mvutaji mwenye umri wa miaka 50 ambaye tayari kinywa chake kiko wazi.

Na kwa kuwa madaktari wa meno ni wachache, macho yasiwe yao peke yao. Kerala ilionyesha kuwa mhudumu aliyefundishwa anatosha kwa hatua ya kwanza. Wahudumu wa kliniki za wanaoishi na VVU tayari hutazama utando mweupe na madoa ya zambarau kwenye kaakaa; kuwaongezea kingo za ulimi si mzigo mkubwa.

Kipaumbele cha fedha kiwe kwenye hatua zinazofuata ukaguzi. Mgonjwa wa Kigoma anayeambiwa aende hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, au ya Bugando, Mwanza, anafikiria nauli kabla ya saratani. Kinyama cha kupimwa saratani kikatwe katika hospitali iliyo karibu naye, sampuli ndiyo isafiri kwenda maabara, na kuwe na mtu mwenye jukumu la kumpigia simu asipoonekana. Wizara zikiamua kupima mafanikio ya mpango huu, zisihesabu vinywa vilivyofunguliwa. Cuba ilikuwa navyo vya kutosha. Zihesabu waliokutwa na dalili wakapata majibu ya kinyama na kuanza tiba.