Daftari la Mishahara Lifunguliwe Pamoja na Duka

Aghalabu mtu anapoanzisha biashara mjini Kegonga, hujishughulisha na kibali cha kaunti, kodi ya nyumba na bidhaa za kujaza rafu. Mfanyakazi haandikwi popote. Kijana aliyemaliza kidato cha nne huambiwa aanze kesho, na mwisho wa mwezi hupewa kiasi anachokikumbuka tajiri, baada ya kupunguza sukari na sabuni alizokopeshwa. Waliolima tumbaku katika Kuria wanayafahamu mambo haya: mbolea ya mkopo hukatwa kwenye malipo ya majani, na asiyeweka hesabu yake hana la kuuliza.

Tumchukue mwenye duka la vifaa vya ujenzi anayemwajiri karani kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Sheria yadai asilimia 6, yaani shilingi 1,200, iende kwenye hazina ya malipo ya uzeeni (NSSF), asilimia 2.75, yaani 550, iende kwenye bima ya afya ya jamii iliyochukua mahali pa NHIF mnamo Oktoba 2024. Na asilimia 1.5, yaani 300, iwe ushuru wa nyumba. Kodi ya mapato haidaiwi, kwa kuwa nafuu ya shilingi 2,400 kila mwezi huimeza yote. Karani hubaki na 17,950.

Lakini hesabu haikomei hapo, na hapa ndipo wengi hujikwaa. Mwajiri pia hutoa 1,200 za NSSF na 300 za nyumba kutoka mfukoni mwake. Mshahara wa 20,000 humgharimu 21,500, mbali na shilingi 50 za ada ya mafunzo ya viwandani. Asiyejua hayo huahidi asichokiweza.

Wapo watakaosema kwamba biashara changa haihimili mzigo huu, kwa hiyo heri kuwaita wafanyakazi wote vibarua. La hasha! Chini ya Sheria ya Ajira ya 2007, kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi mzima huhesabiwa kuwa mwajiriwa wa mwezi, awe ameandikwa au hakuandikwa. Nakiri kwamba mzigo ni mzito. Basi na aajiriwe mmoja kwa haki badala ya watatu kwa kubahatisha.

Kibaya zaidi ni kukata fedha na kutoziwasilisha. Makato ya mwezi hupaswa kufika kabla ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata; yasipofika, karani hugundua akiwa hospitalini, mtoto kitandani.

Sheria hiyohiyo humpa mfanyakazi haki ya kupewa hati inayoonyesha mshahara na kila kilichokatwa. Ni wanafunzi wangapi wa Kuria Mashariki wamewahi kuiona? Mwalimu wa somo la biashara na aichore ubaoni, akitumia karani wetu wa shilingi 20,000, kisha awaulize darasani: kati ya makato haya, ni yapi ambayo tajiri naye hulipa?