Bill Withers Hakuimba Ili Ulale

Sifa anayopewa Bill Withers kuliko zote ni kwamba sauti yake inatuliza. Utaisikia kwa vijana waliosoma, wenye spika nzuri na ladha wanayojivunia: weka Ain't No Sunshine, punguza taa, mimina kinywaji, basi. Wimbo umechomekwa kwenye orodha ya jioni za mvua, katikati ya nyimbo nyingine arobaini zinazofanana nao kwa upole tu. Sifa hiyo naipinga. Inamnyang'anya mtu kazi yake huku ikimpigia makofi.

Tuitazame albamu yenyewe, Just As I Am, ya mwaka 1971. Ndiyo albamu yake ya kwanza, na alikuwa anakaribia miaka 33, umri ambao wenye kampuni za muziki humwona mtu kuwa amechelewa. Alizaliwa Slab Fork, kijiji cha wachimba makaa ya mawe huko West Virginia, akakua na kigugumizi, akatumikia jeshi la wanamaji la Marekani miaka tisa, kisha akaajiriwa katika kiwanda kilichotengeneza vyoo vya ndege za Boeing 747. Angalia jalada: mtu amesimama kwenye ukuta wa matofali, mkononi ana boksi la chakula. Hilo si vazi la kuigizia. Picha ilipigwa kiwandani, wakati wa mapumziko ya mchana. Hata baada ya kurekodi hakukimbilia kuacha kazi, maana hakuamini kwamba muziki ungemlisha.

Ukishajua hayo, ule utulivu unaousifia unabadilika. Baritoni yake, sauti ya kiume iliyo kati ya besi na tena, haipandi kutafuta makofi wala haijipambi. Wengi wanauita ulaini. Mimi namsikia mtu aliyezoea kuzungumza na wenzake wa zamu moja, watu ambao huwezi kuwapotezea muda wao. Namsikia pia mtu wa kigugumizi anayelipima neno kabla halijamtoka. Sauti ya namna hiyo haibembelezi. Inatoa ushahidi.

Katika wimbo huohuo mnaopunguzia taa kuna mahali anarudia maneno mawili mafupi mara 26. Alikusudia kuandika mistari ya kujaza nafasi ile, lakini wanamuziki waliokuwa naye studio, wazoefu kuliko yeye, walimwambia aiache kama ilivyo. Mtayarishaji alikuwa Booker T. Jones, na bahati nzuri naye alijua mahali pa kutogusa. Hebu fika mara ya kumi na tano, ya ishirini. Huyo hakupumzishi hata kidogo. Anajua kabisa limpasalo kufanya, na hawezi kulifanya.

Mtasema msikilizaji yuko huru kusikiliza apendavyo. Kweli, hakuna polisi wa masikio. Ila muziki wetu wenyewe hatuusikilizi hivyo. Kwenye ukumbi wa taarabu mtu huinuka kwenda kutunza kwa sababu ya neno moja, na aliyekaa pembeni yake hununa kwa neno hilohilo. Nyimbo za Marijani Rajab watu huzisikiliza kama wanaosikiliza kesi: nani kamkosea nani, na nani ana haki. Iweje lugha ikigeuka Kiingereza, ambacho tumekisomea kwa ada na viboko, masikio yaache maneno na kubaki na mvumo tu?

Maana maneno yapo. Albamu ina nyimbo 12. Katika I'm Her Daddy mwanamume anagundua ana binti wa miaka sita ambaye hajawahi kumwona, na anamwuliza mama wa mtoto kwa nini hakuambiwa. Hapigi kelele hata hapo. Unamsikia akiomba kitu ambacho hana hakika kama bado ana haki ya kukiomba. Grandma's Hands ni juu ya mikono ya bibi, na wengi huichukua kama kumbukumbu tamu. Lakini mikono ile imevimba na inauma, na ndiyo iliyomkinga mtoto asipigwe. (Nyimbo mbili za kuazima, Let It Be na Everybody's Talkin', ningeweza kuishi bila hizo.)

Kuna Hope She'll Be Happier, wimbo wa mtu aliyeachwa. Huo aliuimba Kinshasa mwezi wa Septemba 1974, kwenye tamasha lililoandaliwa kwa ajili ya pambano la Ali na Foreman. Filamu ya Soul Power inamwonyesha ameketi na gitaa lake, katika tamasha lilelile ambalo James Brown alipanda na bendi nzima na jasho lake lote. Sina ugomvi na James Brown. Nasema tu kwamba kukaa kitini namna ile, mbele ya uwanja, ukiimba polepole hivyo, kunahitaji ujasiri ambao neno "kutuliza" halina nafasi nao.

Wapo pia wanaosikitika kwamba "alipoteza kipaji" kwa kuacha kutoa albamu baada ya 1985. Aliishi hadi Machi 2020, miaka 35 mingine, akiwa baba na mume. Hao wanaosikitika wengi wao hawajasikiliza albamu hii moja hadi mwisho. Wangefika mwisho wangekutana na Better Off Dead, wimbo wa mlevi aliyekimbiwa na mke na watoto, anayeeleza kwa sauti ileile, bila haraka, kwa nini hana faida tena kwa mtu yeyote. Kisha unasikika mlio wa bunduki, na albamu imekwisha. Kwenye orodha za jioni za mvua sijawahi kuuona wimbo huo.