Vita ya uniti 75

Mwezi huu siongelei nyumba ndogo wala mawifi. Naongelea luku. Usicheke, maana kwangu luku ilitaka kuvunja ndoa.

Ilianzia saluni, mwaka 2022. Jirani yangu anasukwa, simu ikaita, tokeni imeingia. Katuma elfu tisa na ushee, kapata uniti 75! Mimi kwa hela hiyo napata 25 na kitu. Nikajua naibiwa. Kumbe mwenzangu yuko D1, kundi la watumiaji wadogo, sisi tuko T1 pamoja na wenye maduka. Kwa bei zilizoanza Aprili 2016, uniti ya D1 ni shilingi 100 mpaka uniti 75 kwa mwezi, zinazozidi hapo ni 350. T1 ni 292 tangu uniti ya kwanza. Ongeza VAT asilimia 18, REA 3 na EWURA 1, yeye analipa 122 na mimi 356. Jamani!

Nikatinga ofisi ya umeme nimejiandaa kwa ugomvi. Dada wa dirishani akaangalia manunuzi yetu, akanijibu taratibu tu: "Dada yangu, nyie mnatumia kama 130 kwa mwezi. D1 ni ya wastani usiozidi 75. Shukeni kwanza, halafu mje." Ugomvi wangu nikarudi nao nyumbani.

Baba Junior alivyolipokea lile jambo, nilishangaa mwenyewe. Jioni ileile kaja na daftari, kalitundika kwenye friji. Kila asubuhi anasoma mita, anaandika. Friji karibu uniti moja kwa siku, hilo haliguswi, lina maziwa ya mtoto. Birika la umeme likapanda juu ya kabati, chai ikahamia kwenye gesi. Pasi ya kila asubuhi ikawa ya Jumapili, nguo za wiki nzima kwa mkupuo. Sawa, nikakubali.

Kasheshe likaja kwenye hita ya bafuni. Imeandikwa wati 4,500. Dakika kumi ni robo tatu ya uniti. Asubuhi na jioni, siku thelathini, ni uniti 45. Zaidi ya nusu ya zile 75! Na anayeoga maji ya moto Dar es Salaam ni nani? Mimi hapa. Ndugu zangu, mimi ni mtoto wa Makambako. Maji ya baridi nimeyaoga utotoni mpaka nikaapa kwamba nikipata kazi, sitayaoga tena.

Akaanza kunigongea mlango. "Mama Junior, dakika ya sita hiyo!" Kama refa. Nikawa navumilia, mpaka jioni moja akaenda kuzima swichi kubwa, mimi nina sabuni mpaka kwenye nyusi. Nikatoka na kanga moja. Niliyomwambia siyaandiki, mama mkwe wangu anasoma gazeti hili.

Alikaa kimya kweli. Halafu akasema tangu Machi hajapata kamisheni hata senti. Anaishi kwa kukopa kwa mshikaji wake. "Hiyo elfu thelathini na saba unayoiona ndogo, ndiyo ya basi la shule la Junior."

Hasira ya maji iliisha palepale, ikaja nyingine. Miezi mitatu mtu anaaga asubuhi na tai yake shingoni, namuuliza vipi kazini, ananijibu poa! Nilipombana kwa nini hakusema, akaniambia ni kwa sababu mshahara wangu umepanda na wake umeshuka. Sikuwa na jibu. Usiku ule tulilala mgongo kwa mgongo, na asubuhi nikaoga maji ya baridi bila kuambiwa. Sikuoga kwa mapenzi, niseme ukweli. Nilikuwa sitaki kumsemesha.

Hita tuliizima Juni ileile. Mwezi uliofuata 88, halafu 74, halafu 71. Barua ya mwenye nyumba, maana mita ni ya kwake, ilitula wiki mbili nyingine, ila hiyo ni stori ya siku yake. Tukabadilishiwa. Siku ya kwanza tukatuma 9,150 kwa mbwembwe zote, zikaja uniti 66! Nikaanza kupiga kelele. Baba Junior akacheka mpaka akakaa chini. Tulisahau ile elfu moja ya kodi ya jengo iliyoanza kukatwa kwenye luku Agosti 2021. Nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo tangu mwaka uanze.

Daftari bado liko kwenye friji. Upande wa kushoto uniti, upande wa kulia yeye anaandika alichoingiza na anachodaiwa, na mimi naandika changu. Mwezi uliopita tulifika 81. Aliyezidisha namjua, alikuwa anaangalia mpira.