Askari Aliyevua Magwanda na Leseni ya Pombe



Kila ifikapo khabari kwamba askari mstaafu amefungua hoteli na baa katika kijiji cha Visiwa vyetu, maneno huwa mengi barazani. Mmoja husema mtu yule ni mgeni. Wa pili husema ataharibu vijana. Wa tatu hunong'ona kwamba asiguswe, kwani alikuwa jeshini. Sisi twaona kwamba wote watatu wameliacha suala lenyewe. Mtu aliyetumia ujana wake wote kushika bunduki, akarudi uraiani, amepewa nini cha kufanya? Na ni nani aliyempa idhini ya kuuza anachokiuza?

Ili tujibu bila ya hasira, natuvuke bahari twende Kusini, Nachingwea na Ruangwa, pande walikotoka wazee wa majirani zetu wengi waliokuja Unguja kutafuta kazi.

Mwaka 1947 Serikali ya Kiingereza ilitangaza mpango wake mkubwa wa karanga, wa kulima zaidi ya ekari milioni tatu, na Nachingwea ikawa mojawapo ya mahali palipochaguliwa, pamoja na Kongwa na Urambo. Wengi walioletwa kuusimamia walikuwa Waingereza waliotoka vitani. Hata vifaru vilivyobaki vitani viligeuzwa kuwa matrekta. Mabwana hao walipewa vyeo, nyumba na mishahara, na jioni walikuwa na klabu zao za kunywea.

Je, askari wetu wa K.A.R., aliyepigana Burma katika vita vilevile? Huyo kazi iliyomngoja ilikuwa ya kibarua, kung'oa visiki. Akitaka kufungua mkahawa wake mwenyewe, alikutana na sheria ya mwaka 1931 ya kuzuia mikopo kwa wenyeji: tajiri aliyemkopesha Mwafrika bila ya kibali cha Serikali hakuweza kumdai mahakamani. Nani basi angemkopesha gunia la sukari? Na vile vileo vya Kizungu, kwa miaka mingi Mwafrika alikatazwa na sheria hata kuvinywa, seuze kuviuza. Karanga zenyewe hazikuota kama ilivyoandikwa katika vitabu vyao. Mwanzoni mwa mwaka 1951 mpango uliachwa, na zaidi ya pauni milioni 36 zikawa zimepotea.

Katika nchi hiyohiyo wakaja askari wa namna nyingine. Miaka ya 1960 wapiganaji wa FRELIMO walipewa kambi Nachingwea, na Samora Machel akawa mkuu wa mafunzo yao. Hao walishika bunduki na jembe pamoja, wakala walichokilima, wakasoma. Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975, hawakutoka kambini mikono mitupu. Walitoka na kazi wanayoijua. Twalitaja jambo hili kwa sababu mara nyingi husahauliwa na wale wanaodhani kwamba askari hufundishwa kulenga shabaha tu.

Sasa mtazameni mstaafu wa leo, awe Ruangwa au awe Makunduchi. Ana kiinua mgongo, hana shamba la maana, na biashara hakufundishwa. Huezeka banda kwa mabati, huweka meza nne, hupika wali na mchuzi. Baada ya miezi michache daftari la madeni limejaa, maana kijijini fedha huonekana kwa msimu. Huko Kusini msimu ni wa korosho na ufuta. Na Novemba mwaka 2018 ilibidi Serikali ipeleke jeshi lenyewe kuzikusanya korosho, kwa bei ya shilingi 3,300 kwa kilo, baada ya wanunuzi na wakulima kushindwana. Mla wali huandikisha deni. Mnywaji wa bia hulipa papo hapo. Ndipo jokofu linapoingia katika hoteli, na baa ikazaliwa. Hatusemi ni halali. Twasema tumeiona njia iliyomfikisha hapo.

Lakini kumwelewa mtu si kumfungulia mlango. Bara iko Sheria ya Vileo tangu mwaka 1968, na Visiwani pia hapana pombe inayouzwa bila ya leseni. Leseni hiyo isitolewe kwa siri mjini, kisha wanakijiji wakaijua siku ya kusikia muziki. Wenye nyumba za jirani, walimu wa skuli na watu wa msikitini waulizwe kwanza, na jawabu lao liandikwe. Mtu aliyekataliwa asipewe kwa mlango wa nyuma kwa sababu anajuana na wakubwa. Wala asifukuzwe kijijini kwa kuwa kazaliwa Nachingwea. Chama hiki hakitamtetea mwanachama yeyote atakayemtupia mtu jiwe. Na Serikali nayo, kabla ya kumvua mtu magwanda, impe mwaka mmoja wa kujifunza ufundi, uvuvi au ukulima.

Tawi lolote lenye malalamiko ya namna hii lituletee mambo matatu kabla ya mkutano ujao: tarehe baa ilipofunguliwa, nakala ya leseni ikiwa imeonekana, na majina ya wanakijiji walioulizwa. Jina la askari hatulihitaji.