Ndege nyuki ipae palipo na wateja, si palipo na pori

Wazo la kusambaza mtandao wa simu kwa ndege nyuki, yaani ndege zisizo na rubani, linawavutia wengi katika nyanda za kati, ambako vijiji vimetawanyika na mnara mmoja huhudumia watu wachache. Hata hivyo, mwekezaji hana budi kupiga hesabu kwanza.

Kenya imekwisha kutupa somo. Julai 2020 kampuni ya Loon, ya kundi la Alphabet la Marekani, ikishirikiana na Telkom Kenya, ilianza kutoa intaneti kwa maputo yapatayo 35 yaliyoelea kiasi cha kilomita 20 angani, juu ya eneo la karibu kilomita za mraba 50,000. Mitambo ilifanya kazi. Lakini Januari 2021 Loon ilitangaza kufunga biashara, kwa kuwa gharama hazikushuka vya kutosha. Eneo lilikuwa kubwa, ila eneo halinunui vocha.

Ndege nyuki nayo ina mipaka. Ndogo ya betri huhitaji kushuka kabla ya saa moja kwisha. Iliyofungwa kwa waya unaoipelekea umeme kutoka ardhini hudumu zaidi; AT&T iliirusha Puerto Rico baada ya kimbunga Maria cha mwaka 2017. Ikipanda juu huona mbali, lakini uwezo wake hauongezeki. Wateja wakizidi, kila mmoja huambulia kidogo.

Kwa hiyo la kuuliza ni wapi, na lini, wateja hujazana kuliko mnara unavyomudu. Kwa Dodoma, mahali pa kuanzia kupima ni soko la mahindi la Kibaigwa wakati wa mavuno, na mnada wa Msalato siku yake. Hapo ujumbe wa malipo ukichelewa, lori halipakiwi.

Vijijini mnara bado ndio njia. Mei 2023, mjini Dodoma, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulitia saini na kampuni za simu mikataba ya kujenga minara 758 kwa ruzuku ya serikali.

Wenye hisa za kampuni za simu, kama zile za Vodacom Tanzania zilizouzwa Sh. 850 mwaka 2017, wakielezwa habari za ndege nyuki kwenye mkutano mkuu waulize mawili: itarushwa wapi, na siku ngapi kwa mwaka? Asiyejibiwa kwa tarakimu, na ashike fedha zake.