Mkulima ajue kila karatasi ya shamba inajibu swali gani

Katika nyumba nyingi za wakulima wa Kalehe, Kabare na Idjwi, karatasi za shamba zinalala pamoja ndani ya mfuko mmoja wa plastiki. Humo mna kadi ya ushirika, risiti ya kodi, kipande cha mzani wa kahawa, pengine na karatasi ya kununua shamba iliyosainiwa mbele ya chifu wa kijiji. Mwenye mfuko anaamini kwamba zote zinasema jambo moja: shamba hili ni langu. Si kweli. Kila karatasi inajibu swali lake, na anayezichanganya anaweza kupoteza shamba huku mfuko umejaa.

Risiti ya kodi inasema fulani alilipa franka kadhaa siku fulani. Kadi ya ushirika inasema mtu ni mwanachama. Kipande cha mzani kinasema ni kilo ngapi za kahawa zilizopokelewa na kwa bei gani. Lebo ya SENASEM kwenye mfuko wa mbegu inasema mbegu hizo zilikaguliwa. Hakuna hata moja kati ya hizo inayosema ardhi ni ya nani. Kwa sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi yote ya nchi ni mali ya Serikali, na hati inayothibitisha haki ya mtu juu ya kipande chake ni hati ya uandikishaji kutoka ofisi ya hati za ardhi. Wakulima wadogo wengi hawajaishika hata siku moja. Ofisi iko mbali na gharama inawashinda.

Hata hivyo, hawakosi ushahidi. Huko Bushi, mtu alipewa shamba kwa kalinzi: alitoa ng'ombe kwa mwami au mwakilishi wake, mbele ya mashahidi, na haki hiyo ikarithiwa na watoto wake. Bwasa ni kitu kingine. Hiyo ni ardhi ya kulima kwa muda, na aliyeitoa anaweza kuirudisha mikononi mwake. Wazee walijua tofauti hiyo bila kuandika. Kumbukumbu ilikaa vichwani mwa mashahidi na kwenye miti ya mpaka, na ilifanya kazi kwa vizazi. Udhaifu wake ni kwamba shahidi anakufa, anakimbia vita, au ananunuliwa. Sheria ya 1973 iliahidi amri ya rais ya kupanga haki za wenyeji juu ya ardhi hizo, lakini miaka makumi ilipita bila amri hiyo kutoka.

Kwa hiyo kazi ya kwanza haihitaji pesa nyingi. Wazee wangali hai, waandikwe wanayoyajua: nani alitoa shamba, kwa kalinzi au kwa bwasa, majirani wa pande zote nne ni nani, na mashahidi ni akina nani. Kila mmoja aweke sahihi au kidole. Karatasi hiyo haichukui nafasi ya hati ya uandikishaji, lakini siku ya ugomvi mwami au hakimu atakuwa na kitu cha kusoma.

Sasa kumekuja aina nyingine ya kumbukumbu, inayobebwa ndani ya simu. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inakataza kuingiza huko kahawa na kakao iliyolimwa mahali ambapo msitu ulikatwa baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini mnunuzi wa Ulaya atalazimika kujua shamba liko wapi. Kwa shamba la chini ya hekta 4, nukta moja ya GPS inatosha. Ajenti anafika, anasimama katikati ya kahawa, anabonyeza simu, anaondoka. Mkulima anawaambia majirani kwamba shamba lake limepimwa.

Halijapimwa. Nukta hiyo inasema kahawa inatoka wapi. Haionyeshi mpaka wala mwenye shamba, na haitamsaidia mtu siku jirani atakaposogeza alama usiku. Tena mara nyingi habari zote zinakwenda kwa mnunuzi, na mwenye shamba anabaki mikono mitupu. Anayechukua jina la mkulima na mahali pa shamba lake anapaswa kumwachia nakala, na kumweleza kwa Kiswahili imeandikwa nini.

Wapo wanaosema karatasi hizi zote ni mitego ya watoza kodi na faida ya wazungu. Hofu yao ina msingi. Mahali penye watu wenye silaha, orodha ya wakulima na kilo zao inaweza kugeuka orodha ya kunyang'anywa. Ndiyo maana mkulima anapaswa kujua pia karatasi gani aonyeshe na ipi aifiche. Lakini kukosa karatasi hakujamkinga mtu. Kwa miaka mingi, kahawa ya Kalehe na Idjwi ilivushwa usiku kwa mitumbwi hadi Rwanda, na watu wengi walikufa maji. Kahawa ile ilipofika ng'ambo haikuwa tena na jina la aliyeilima. Huko Beni, wakulima waliokimbia mashambulizi ya ADF wameona kakao yao ikivunwa na kuuzwa na wengine. Magunia hayana jina, na bila kumbukumbu yoyote mwenye kakao anabaki kulia tu.

Katika ushirika pia, nyongeza ya mwisho wa msimu hulipwa kwa kufuata kilo zilizoandikwa. Aliyetupa kipande cha mzani atategemea daftari la karani peke yake.

Inabaki kumbukumbu ambayo hakuna ofisi itakayomwandikia mkulima: daftari lake mwenyewe. Chukua mfano wa mama anayelima maharagwe. Amelipa vibarua franka 30,000, mbegu 25,000 na usafirishaji 10,000. Ameuza mavuno, kopo la Guigoz kwa kopo, akapata 60,000. Sokoni anaziona 60,000 mkononi na kushukuru. Daftari lingemwambia kwamba amepoteza 5,000, kabla hata ya kuhesabu siku zake mwenyewe za kupalilia. Asiyejua kuandika anaweza kuchora alama, au kumpa kalamu mtoto anayesoma.

Na jina la mama huyo liandikwe. Mara nyingi kadi ya ushirika ina jina la bwana peke yake, ingawa bibi ndiye anayepalilia na kuvuna. Bwana akifariki, mjane anafukuzwa na shemeji, naye hana karatasi hata moja yenye jina lake. Viongozi wa ushirika wanaweza kubadili hilo bila kungoja Kinshasa: waandike majina yote mawili.

Msimu A unaanza Septemba. Kabla ya jembe la kwanza, kila familia inaweza kutandika karatasi zake mezani na kuuliza kila moja: wewe unathibitisha nini? Za ardhi zikae bahasha yake, za mauzo yake, za kodi yake. Zipigwe picha, na picha zitumwe kwa ndugu aliye mbali, maana nyumba inaweza kuungua na familia inaweza kukimbia usiku mmoja. Anayekimbia na karatasi anazozielewa atarudi akiwa na neno la kusema.