Goti Lenye Udhuru

 

Hivi karibuni nilikwenda Meru, mtaa wa Majengo, kumjulia hali shangazi yangu aliyeolewa huko tangu ujana wake. Nilimkuta akiswali juu ya kiti. Alipotoa salamu, machozi yakamtoka. Hakulilia maumivu, bali maneno ya watu wa nyumbani kwamba amekuwa mvivu wa kusujudu. Akaniambia: “Mwanangu, hospitali walinipiga picha, wakasema goti ni zima. Basi uvivu si wangu?”

Nikamuuliza picha ilipigwaje. Akasema alilazwa kitandani, mguu umenyooshwa. Hapo ndipo palipokuwa na kasoro. Goti hilo lilikuwa limepumzika, ilhali linalomliza ni goti linalobeba mwili na kukunjwa. Na magoti ya wanawake wa miteremko ya Mlima Kenya yamebeba mengi: maji, kuni na vikapu vya majani ya chai.

Binti yake anayekaa Embu akampeleka kwa daktari wa mifupa huko. Akapigwa picha ya eksirei akiwa amesimama, kisha mbili za ubavuni: moja goti limenyooshwa kadiri ya uwezo wake, nyingine limekunjwa mpaka mwisho. Daktari akachora mstari kufuata fupa la paja na mwingine kufuata mfupa wa muundi, akapima pembe iliyo baina yake. Goti lililonyooka kabisa huhesabiwa sifuri. La shangazi lilikunjika digrii 95 tu.

Tulinganishe, enyi wasomaji wetu. Kutembea tambarare huhitaji mkunjo wa digrii 60 hadi 70, na kuinuka kitini huhitaji 90 au zaidi. Lakini kukalia visigino, kama tufanyavyo baina ya sijida mbili, huhitaji takriban 150. Mwenye 95 anaweza kutembea hadi sokoni, na jirani akamwona mzima, lakini kikao cha swala kikamshinda.

Pembe hiyo hupimwa pia kwa kipimapembe juu ya ngozi, na kwa kawaida hutosha. Picha husaidia panapokuwa na shaka, kwa kuwa huonyesha mifupa yenyewe, si nyama iliyoifunika. Picha ya kusimama nayo huonyesha nafasi baina ya mifupa inapobanwa na uzito. Nafasi hiyo hujazwa na gegedu, ambayo eksirei haiioni. Ikipungua, nafasi husinyaa. Kwa shangazi, upande wa ndani ulikuwa umesinyaa sana.

Akina mama wengi huogopa chumba cha picha kwa ajili ya sitara. Miale hupenya nguo nyepesi, hivyo mara nyingi hakuna haja ya kufunua mguu. Huondolewa pini, vifungo na vitu vya chuma. Mwombe mhudumu wa kike akiwapo. Na mwenye mimba, au anayedhani anayo, aseme kabla ya kupigwa picha.

Ama hukumu ya swala ni nyepesi kwa mwenye udhuru. Katika Sahihi Bukhari imepokewa kwamba Imran bin Huswein (r.a.) alipopatwa na bawasiri, Mtume (s.a.w.) alimwelekeza aswali kwa kusimama, akishindwa akae, akishindwa alale ubavu. Lakini ruhusa hufuata kadiri ya udhuru. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, kusimama ni nguzo ya swala ya faradhi. Anayeweza kusimama na asiyeweza kusujudu husimama katika kisomo chake, hurukuu kwa kusimama akiweza, kisha hukaa na kuashiria sijida kwa kuinama. Shangazi alikuwa akikaa kitini tangu takbira ya kwanza, ilhali kusimama anaweza. Sasa husimama, kisha hukaa, na moyo wake umetulia.

Wala asidhani mtu kwamba ni lazima apate picha ndipo aikubali ruhusa. Maumivu makali, au hofu ya maradhi kuzidi, humtosha mwenyewe. Wako ambao picha zao ni nzuri na goti linawauma kweli, na wako ambao picha ni mbaya lakini hawasikii kitu. Picha hupima mfupa. Maumivu huyajua mwenye nayo na Mola wake.

Basi, enyi wana na wakwe, mkimwona mama amevuta kiti, msimhukumu. Muulizeni goti limefika wapi, kisha mpelekeni kwa daktari, na mhakikishe amepimwa akiwa amesimama na amekunja goti.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu na azitakabali swala zao, za kitini na za mkekani. Amin.